Herufi Ŋ na Ritifaa ya ng': Usimbaji wa Sauti Moja Katika Mpaka wa Uganda na Kenya

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi nazali ya kaakaa laini, yaani sauti inayosikika mwanzoni mwa neno ng'ombe, inavyosimbwa katika kompyuta na simu za eneo la Busia na Tororo. Katika eneo hilo mila mbili za othografia zinakutana: herufi moja ŋ inayotumiwa na lugha nyingi za Uganda, na mfuatano ng' unaotumiwa na Kiswahili na lugha nyingi za Kenya. Makala yanaonyesha kwamba herufi ŋ ina msimbo wa kimataifa tangu zamani, na kwamba kuhama kutoka ŋ kwenda ng' hakupotezi kitu. Upotevu unatokea pale ritifaa inapochukuliwa kuwa pambo la uakifishaji, ikafutwa au ikabadilishwa bila mwandishi kujua. Mapendekezo yanahusu rejesta za majina, hifadhidata na ujumbe mfupi wa umma.

Utangulizi

Nagongera ni mji mdogo ulio magharibi mwa Tororo, katika nchi ya Jopadhola, kando ya reli iendayo Jinja. Chuo Kikuu cha Busitema kina kampasi yake ya sayansi na ualimu hapo. Jina la mji huo limeandikwa kwa namna moja katika ramani, katika vibao vya barabarani na katika anwani za chuo: n-a-g-o-n-g-e-r-a. Mgeni anayelisoma kwa mara ya kwanza hawezi kujua kutokana na maandishi peke yake kama herufi ng zilizo katikati zisomwe kama katika neno ngoma au kama katika neno ng'ombe. Akitoka Mombasa atasoma ng ya ngoma, maana hapana ritifaa. Akitoka Kampala naye atasoma vivyo hivyo, maana hapana ŋ. Wote wawili watakuwa wamefuata kanuni za lugha zao barabara, na wote wawili itabidi wamsubiri mwenyeji awaambie.

Kwa jina la mji jambo hili ni dogo, kwa sababu mwenyeji hakosekani. Kwa jina la mtu lililo ndani ya hifadhidata, mwenyeji hayupo. Mashine inalinganisha misimbo, na misimbo ikitofautiana mashine inasema hao ni watu wawili.

Sauti mbili, si moja

Ni vyema kuanza na fonolojia, kwa sababu makosa mengi ya usimbaji huanzia kwenye dhana kwamba ng' ni namna tu ya kupamba ng. Katika Kiswahili, ng ni nazali inayofuatwa na kipasuo g. Ng' ni nazali peke yake, bila kipasuo. Tofauti hiyo inabadilisha maana: ng'oa ni kutoa kitu kilichoshikamana na ardhi, ngoa ni shauku au tamaa. Vivyo hivyo Dholuo hutofautisha ng' na ng. Neno la kujua huandikwa ng'eyo katika Dholuo ya Kenya na ŋeyo katika Kiacholi cha Uganda. Sauti ni ile ile na maana ni ile ile. Kilichobadilika ni mila ya maandishi tu.

Katika eneo la Tororo sauti hii ina uzito ambao msomaji wa Kiswahili huenda asiutarajie. Lunyole, lugha ya Butaleja, wilaya iliyomegwa kutoka Tororo mwaka 2005, imepitia badiliko la sauti ambalo ni nadra sana miongoni mwa lugha za Kibantu: *p ya Kibantu asilia imekuwa ŋ. Pale ambapo Kiswahili kina pa- ya mahali, Lunyole ina ŋa-. Kwa hiyo herufi ambayo katika Kiswahili hupatikana katika maneno machache yanayohesabika, katika Lunyole hutokea karibu katika kila sentensi, ndani ya viambishi vya sarufi vyenyewe. Mwandishi wa Kiswahili asiye na ritifaa kwenye kibodi yake ataudhika mara moja moja. Mwandishi wa Lunyole asiye na ŋ hawezi kuandika kabisa.

Luganda nayo ina ŋ, na huiandika maradufu inapokazwa: eŋŋoma ni ngoma, ŋŋenda ni naenda. Wanafunzi wengi wa Tororo na Busia hukutana na Luganda sokoni na redioni kabla ya kukutana na Kiswahili darasani, na hivyo herufi hiyo si ngeni machoni pao hata kama lugha ya nyumbani ni Ateso au Lusamia.

Mila mbili zilivyozaliwa

Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika, iliyoanzishwa London mwaka 1926, ilitoa mwaka uliofuata mwongozo wa othografia za lugha za Kiafrika. Msingi wake ulikuwa herufi moja kwa kila fonimu, na ŋ ilikuwa miongoni mwa herufi zilizopendekezwa. Uganda iliupokea ushauri huo kwa kiasi kikubwa. Othografia sanifu ya Luganda iliyokubaliwa mwaka 1947 ina ŋ. Mkutano wa UNESCO uliofanyika Niamey mwaka 1978 uliithibitisha tena herufi hiyo katika alfabeti rejelezi ya Afrika.

Kiswahili kilishika njia nyingine. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na kuundwa kwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, usanifishaji ulibaki na ng' iliyokuwa imekwisha kuzoeleka. Uamuzi huo haukuwa wa kizembe. Taipureta za ofisi na mitambo ya kupiga chapa ilikuwa na ritifaa, haikuwa na ŋ, na lugha iliyokusudiwa kutumika katika maeneo manne ya utawala haikuweza kungoja vifaa vipya. Dholuo, Gikuyu na lugha za Waluhya zikafuata mkondo huo huo. Inafaa kukumbuka pia kwamba waandishi wa Kiswahili wa karne zilizotangulia, waliotumia hati za Kiarabu, waliitumia ghaini kwa g, kwa ng na kwa ng' pia, na kumwachia msomaji aliyeijua lugha kazi ya kutenganisha. Utata wa Nagongera una mababu.

Mpaka wa kisiasa ukawa basi mpaka wa herufi, lakini wasemaji hawakugawanyika kwa namna hiyo. Wateso wako Tororo na wako Teso ya Kenya. Wasamia wako Busia zote mbili. Jopadhola wana jamaa wa lugha katika ufuo wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, na majina yao yanafanana kiasi cha kutambulikana: anayeitwa Otieno Siaya huitwa Othieno Tororo.

Msimbo upo

Watafiti wa lugha hudhani mara nyingi kwamba ŋ inasumbua kwa sababu wasanifu wa kompyuta waliisahau. Historia inasema vingine. Mwaka 1983 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango nambari 6438, seti ya herufi za Kiafrika kwa ajili ya kazi za maktaba, na ŋ ilikuwamo. Kiwango hicho hakikuenea katika kompyuta za kawaida. Herufi hiyo iliingia katika vifaa vya watu wengi kwa mlango wa pembeni: Wasami wa Norway, Sweden na Finland wanaitumia katika lugha yao, na kwa ajili yao ilitiwa katika seti za Ulaya ya kaskazini. Unicode ilipokusanya seti zote hizo mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilirithi herufi kubwa Ŋ kwa msimbo U+014A na ndogo ŋ kwa U+014B.

Urithi huo umeacha alama inayoonekana hadi leo. Herufi kubwa ya Wasami ina umbo la N yenye mkia. Herufi kubwa iliyozoeleka Afrika ina umbo la n ndogo iliyokuzwa. Unicode ilizihesabu kuwa maumbo mawili ya herufi moja, na kuiachia fonti kazi ya kuchagua. Uamuzi huo ni sahihi kinadharia. Hata hivyo fonti nyingi zinazokuja na kompyuta huchagua umbo la kaskazini, na mwalimu anayetayarisha kitabu cha darasa la kwanza hulazimika ama kutafuta fonti nyingine ama kuwafundisha watoto umbo ambalo hawatalikuta katika vitabu vya zamani.

Kabla ya Unicode kushika hatamu, wachapishaji wengi walitumia fonti za kubuni, ambamo umbo la ŋ liliwekwa mahali pa alama nyingine isiyotumika sana. Karatasi ilitoka safi. Faili, ilipofunguliwa katika kompyuta nyingine, ilionyesha ile alama ya asili. Hata leo, matini iliyohifadhiwa kwa UTF-8, ambamo ŋ huchukua baiti mbili, ikisomwa na programu inayodhani ni seti ya zamani ya Ulaya magharibi, eŋŋoma hugeuka eÅ‹Å‹oma. Anayeona hivyo hudhani faili imeharibika. Faili ni nzima. Kilichokosewa ni usomaji, na kinaweza kurekebishwa bila kupoteza hata herufi moja. Tatizo likomwe hapo na upande wa ŋ ungekuwa umetengemaa.

Ritifaa ina misimbo mingi mno

Ugumu mkubwa zaidi uko upande unaodhaniwa kuwa rahisi. Ritifaa ya ng' inaonekana moja kwa macho, lakini kwa kompyuta ni alama kadhaa. Ya kwanza ni U+0027, ritifaa iliyonyooka ya taipureta, ambayo ndiyo inayotoka kwenye kibodi. Ya pili ni U+2019, ritifaa iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe mahali pa ile ya kwanza. Ya tatu ni U+02BC, ambayo Unicode inaihesabu kuwa herufi, si alama ya uakifishaji. Hapo hatujataja U+2018, alama ya kufungua nukuu, ambayo programu huiweka kimakosa inapodhani mwandishi anaanza kunukuu, wala alama ya mkazo iliyoegemea kushoto ambayo baadhi ya watumiaji huibonyeza kwa kutoona tofauti.

Unicode ina utaratibu wa kusawazisha misimbo inayolingana, ambao kwa mfano huifanya ĩ ya Gikuyu iwe kitu kimoja, iwe imeandikwa kwa msimbo mmoja au kwa i na kialama chake. Utaratibu huo hauzisawazishi ritifaa hizi tatu. Wala hauisawazishi ŋ na ng', kwa kuwa ulinganifu huo ni wa lugha, na viwango vya herufi havijui lugha. Kwa hiyo jina Nyong'o lina angalau maumbo matano yanayowezekana katika rejesta za pande mbili za mpaka: matatu yanayotofautiana kwa ritifaa tu, la nne lenye ŋ, na la tano, Nyongo, ambalo limepoteza kila kitu na ambalo kwa Kiswahili ni jina la maji machungu ya ini. Utani huo wenye jina hilo wameusikia tangu shuleni.

Mahali ritifaa ilipo ndani ya neno nako kuna athari. Kanuni za Unicode za kutenga maneno huiruhusu ritifaa ikae katikati ya herufi mbili bila kulikata neno; ng'ombe inabaki neno moja. Ikiwa mwishoni, ritifaa ya kibodi huhesabiwa kuwa imetoka nje ya neno. Murang'a inasalimika. Anyang' inapoteza alama yake ya mwisho inapotafutwa au inapohesabiwa, na vivyo hivyo Ochieng', jina la aliyezaliwa mchana, linalopatikana kwa Waluo wa Kenya na kwa Jopadhola pia. Programu zisizofuata kanuni za Unicode, nazo ni nyingi, hukata hata katikati, na ng'ang'ania ikawa vipande vitatu visivyo na maana. Mtafiti anayehesabu marudio ya maneno katika kongoo ya Kiswahili atakuta ng imeorodheshwa miongoni mwa maneno yanayotumika sana, na asipokuwa mwangalifu ataitafutia ufafanuzi.

Kuna na hatari ya kiufundi. Katika lugha inayotumiwa kuuliza hifadhidata, ritifaa iliyonyooka ndiyo inayofunga mfuatano wa herufi. Fomu iliyoundwa bila tahadhari inaweza kulikataa jina lenye ritifaa, na mbuni wa fomu, badala ya kurekebisha programu, akaweka sharti kwamba jina liwe na herufi A hadi Z tu. Sharti hilo linaifukuza ritifaa na linaifukuza ŋ pia. Mwenye jina huambiwa ameandika alama isiyoruhusiwa, na anaiondoa. Hivyo ndivyo majina mengi yalivyopoteza ritifaa: wenyewe waliifuta kwa mkono wao kwa sababu kompyuta ilikataa kuendelea.

Mfano wa Kisinhala

Mbali kidogo ng'ambo ya Bahari Hindi, Sri Lanka imekabiliana na mgawanyo ule ule wa sauti. Hati ya Kisinhala ina herufi mbili tofauti kabisa: ඞ kwa nazali ya kaakaa laini peke yake, na ඟ kwa nazali inayofuatwa na g, kama ilivyo katika neno ගඟ, mto. Katika Unicode zimekaa jirani, U+0D9E na U+0D9F. Lililo ng' na ng kwetu, huko ni herufi mbili zenye misimbo miwili, na hakuna programu inayoweza kuzichanganya kwa bahati mbaya.

Hati hiyo iliingia Unicode katika toleo la 3.0, mwaka 1999, baada ya nchi yenyewe kuandaa kiwango chake cha kitaifa, SLS 1134, mwaka 1996 na kuendelea kukirekebisha. Kupata msimbo hakukumaliza taabu. Miungano fulani ya konsonanti huhitaji alama isiyoonekana, U+200D, kuwekwa kati ya herufi. Neno Sri katika jina la nchi yenyewe, ශ්‍රී, lina alama hiyo ndani yake. Programu inayosafisha matini kwa kuondoa kila kisichoonekana hulipasua jina la taifa vipande.

Ulinganifu na hali ya mpakani ni wa karibu kuliko unavyoonekana. Alama isiyoonekana ya Kisinhala na ritifaa ya Kiswahili zina bahati moja: zote ni sehemu ya tahajia, na zote programu huzichukulia kuwa takataka. Tofauti ni kwamba Sri Lanka iliandika katika kiwango cha taifa alama hiyo inakaa wapi na kwa nini. Kiswahili, chenye wasemaji wengi mara kadhaa kuliko Kisinhala, hakina andiko la namna hiyo linaloeleza ritifaa ya ng' ni msimbo upi.

Gharama katika ujumbe na katika hati

Athari za haya hupimika. Ujumbe mfupi wa simu, ukiwa na herufi za seti ya msingi ya GSM pekee, hubeba herufi 160. Ikiingia alama moja tu isiyo ya seti hiyo, ujumbe wote hubadilishwa usimbaji na kubeba herufi 70. Ukiwa mrefu zaidi hukatwa katika sehemu za herufi 67. Ŋ haimo katika seti ya msingi. Tangazo la afya la herufi 150 kwa Luganda, lenye ŋ moja, hulipiwa kama ujumbe tatu badala ya mmoja. Mhasibu wa mradi ataomba ŋ iondolewe, na kwa hesabu yake ana haki.

Ila Kiswahili nacho hakijaepuka. Ritifaa iliyonyooka imo katika seti ya msingi, iliyopinda haimo. Tangazo la chanjo ya ng'ombe lililoandaliwa katika programu ya kuandikia, kisha likanakiliwa kwenye mfumo wa kutuma ujumbe, hubeba ritifaa iliyopinda na kulipiwa mara tatu bila yeyote kuona tofauti kwenye skrini. Hapa ushauri ni mwepesi: mfumo wa kutuma ugeuze ritifaa zote ziwe U+0027 kabla ya kutuma. Kwa ŋ kuna njia ya kuandika ng' katika ujumbe peke yake, na kuiacha ŋ katika vitabu na rejesta. Wapo watakaoliona hilo kuwa kuisaliti othografia. Lakini tangazo linalofika kwa wote lina manufaa kuliko tahajia kamili inayofika kwa theluthi ya waliokusudiwa.

Kwa hati za kusafiria jambo ni zito zaidi. Mwongozo wa kimataifa wa pasipoti zinazosomwa na mashine unaagiza ritifaa iachwe katika mistari ile miwili ya chini, na unaagiza Ŋ iandikwe N. Agizo la pili lilitungwa pasipo kuiwazia Afrika, na halina kosa kwa Wasami. Kwa mpaka wa Busia na Malaba matokeo yake ni haya: jina lililoandikwa Nyong'o huwa NYONGO, na jina lile lile lililoandikwa Nyoŋo huwa NYONO. Ndugu wawili wa baba mmoja, mmoja aliyesajiliwa kila upande, wanakuwa na majina ambayo mashine haiwezi kuyakaribisha hata kwa kukisia. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, na kadiri rejesta zinavyounganishwa, ndivyo tofauti hizi zinavyoacha kuwa za tahajia na kuwa za urithi, za ardhi na za cheti cha shule.

Kipi kinaweza kugeuzwa, na kipi hakiwezi

Pendekezo linalosikika mara kwa mara katika mijadala ya Kiswahili ni kuwa na othografia moja kwa kanda nzima: ama wote wachukue ŋ, ama wote wachukue ng'. Pendekezo hilo linavutia kwenye karatasi. Kiswahili kina zaidi ya miaka 90 ya vitabu vyenye ng', na Lunyole haiwezi kubeba ritifaa katika kila kiambishi cha mahali. Wala hakuna haja. Kuigeuza ŋ iwe ng' ni kazi ya kanuni moja, nayo haipotezi kitu: kila ŋ huwa ng', na ŋŋ huwa ng'ng'.

Kurudi nyuma ndiko kunakohitaji uangalifu. Katika Kiswahili na Dholuo, kila ng' inaweza kugeuzwa ŋ bila shaka. Katika Luganda haiwezekani. Neno nga likifuatwa na neno lenye irabu ya mwanzo hudondosha a yake na kuandikwa ng', kama katika ng'omuntu, na hapo ng' ni nazali na kipasuo, si ŋ. Programu inayogeuza bila kujua lugha itaandika ŋomuntu, neno lisilokuwapo. Huu ndio ushahidi mzuri kuliko yote kwamba Luganda haikuichukua ŋ kwa kuiga mtindo wa London: ritifaa ilikwisha kuwa na kazi nyingine. Nao ni ushahidi kwamba kila matini lazima ibebe alama ya lugha yake, ili kanuni ifaayo itumike.

Ng tupu haina njia ya kurudi. Ochieng iliyopoteza ritifaa, Nyongo iliyopoteza yake, na Nagongera isiyosema chochote, zote ziko katika kundi moja, na hakuna hesabu inayoweza kuzirejesha. Mwenye jina ndiye peke yake anayejua.

Kwa rejesta za mpakani, basi, utaratibu unaofaa una ngazi mbili. Jina lihifadhiwe kama mwenyewe anavyoliandika, kwa ŋ au kwa ng', na ritifaa yake isibadilishwe. Kando yake kuwe na ufunguo wa kutafutia usioonekana kwa mtumiaji, ambamo ŋ na ng' za ritifaa zote hukutana katika alama moja. Ng tupu isiingizwe katika ufunguo huo kana kwamba ni sawa. Ionyeshwe kama jina linalokaribia, ili karani aamue. Anayeziunganisha zote tatu moja kwa moja atakuwa ameyaunganisha na majina ambayo kweli yana ng ya ngoma, na hapo mashine itaanza kusema watu wawili ni mtu mmoja, kosa baya kuliko lile la kwanza.

Kuhusu msimbo wa ritifaa katika maandishi ya Kiswahili, nadharia inaelekeza U+02BC, kwa sababu ndiyo pekee inayohesabiwa kuwa herufi na haikatwi hata ikiwa mwishoni mwa neno. Vitendo vinaelekeza U+0027, kwa sababu ndiyo iliyo chini ya kidole. Makala haya yanaegemea mgawanyo wa kazi: kibodi iendelee kutoa U+0027, na programu za kamusi, kongoo na rejesta ziigeuze kuwa U+02BC ikifuata ng katika matini iliyotambulishwa kuwa ya Kiswahili au Dholuo. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ndiyo yenye nafasi ya kuandika mwongozo huo kwa ajili ya nchi zote wanachama. Uganda, ambayo baraza lake la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, itaingiza ng' katika ofisi zilizokuwa na ŋ tu, na mwongozo ukichelewa kila ofisi itajitungia wake.

Fomu nazo zina sehemu yake. Sharti la A hadi Z liondolewe, na nafasi ya jina ikubali Ŋ, ŋ na ritifaa mahali popote, mwishoni pia. Pale jina linapokuwa na ng bila alama yoyote, fomu ya kielektroniki inaweza kuuliza swali moja kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali: je, hutamkwa kama ng ya ngoma au kama ng' ya ng'ombe? Mama aliyekuja kusajili mtoto ana jibu hilo mdomoni, na karani ana kitufe kimoja cha kubonyeza.